Watoto 19, mkeka mmoja: wenye uzoefu wa maktaba hapa Dodoma naomba mawazo

Baba Neema (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nina jambo nataka mnisaidie. Kwenye grupu la mtaa sitaki kulipeleka, kule hoja yoyote ikifika ujumbe wa kumi inageuka mchango wa harusi.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Nkuhungu. Mwaka juzi, likizo ya mwezi wa sita, binti yangu alikuwa darasa la tatu na alishinda na mimi kazini kwa sababu mama yake alikwenda Kondoa kuuguza. Mtoto na msumeno wa umeme havikai pamoja. Nikahuisha kadi yangu ya zamani ya maktaba ya mkoa, nikaazima vitabu viwili vya hadithi, nikamkalisha kibarazani nikamwambia: soma kwa sauti, nikizima mashine nisipokusikia najua umetoroka.

Sauti ile ndiyo iliyoleta balaa. Siku ya pili watoto wawili wa mama muuza vitumbua wakasogea. Siku ya nne wakawa saba. Kitabu kimoja, vichwa saba: wa upande wa Neema wanakiona sawasawa, waliokaa mkabala wanakisoma miguu juu. Kuna mmoja alizoea hivyo mpaka leo ukimpa kitabu anakizungusha kwanza ndipo anaanza.

Likizo ikaisha, wao hawakuisha. Sasa hivi kila Jumamosi saa nne mpaka saa sita nazima mashine, natandika mkeka, na wiki iliyopita nilihesabu 19. Wakubwa wanawasomea wadogo. Anayemaliza kurasa mbili bila kuruka neno anapewa nafasi ya kupiga muhuri wa karakana kwenye daftari. Huo muhuri wanaupigania kuliko pipi.

Matatizo yangu ni haya. Vitabu ninavyo 31, na 14 kati ya hivyo nililetewa kwenye boksi na jamaa aliyepewa na wageni. Vyote Kiingereza, vyote vya baridi kali, watoto wamevaa makoti wanajenga sanamu la theluji. Kijana mmoja aliangalia ile picha muda mrefu, akatuambia huyu mama yake atamchapa, kamwaga unga wote wa sembe. Tukaenda na hadithi hiyo hiyo ya sembe mpaka mwisho wa kitabu, ikawa nzuri kuliko iliyoandikwa. Lakini kusoma wamesoma nini?

Pili, majirani. Mmoja kaniuliza nalipwa na nani. Mwingine kaniuliza ni dhehebu gani.

Tatu ndiyo inayoniumiza kichwa. Shemeji yangu anasema napoteza siku ya kazi kwa kitu kilichopitwa na wakati, maktaba zenyewe zimebaki za wazee wa magazeti, kila kitu kipo kwenye simu. Nimejaribu kumjibu nikashindwa kupanga maneno, na mimi mwenyewe nimepita humo humo. Nilipata ziro kidato cha nne. Geto letu lilikuwa Chang'ombe, tuko wanne chumba kimoja, ukuta wa pili ni baa. Nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nilisomea maktaba miezi saba. Sikwenda kwa ajili ya vitabu, madaftari nilikuwa nayo. Nilikwenda kwa sababu ya meza. Mji huu ukitaka kukaa mahali lazima ununue kitu, walau soda, na ikiisha mhudumu anaanza kuzunguka na kitambaa. Kule nilikaa kutwa nzima na hakuna aliyeniuliza nanunua nini.

Niendelee na huu mkeka, au niwapeleke maktaba ya mjini? Nauli ya watoto 19 siiwezi. Leteni uzoefu wenu.

Kiroboto wa Sabasaba

Mkuu, kwa heshima zote, shemeji yako yuko sahihi. Kibaraza unacho na watoto unao, weka televisheni na gemu mbili, mia tano mia tano, jioni unahesabu. Maktaba ni za zama za kina babu. Mimi nina vitabu vya PDF zaidi ya mia nane kwenye simu, vyote bure.

Mwana wa Hombolo

Kiroboto, kati ya hivyo mia nane umemaliza vingapi?

Baba Neema, mimi nitakupa kisa kimoja, useme na shemeji yako.

Nalima zabibu. Msimu mmoja mvua zilikaa muda mrefu, majani yakaanza madoa. Kila mtu shambani akasema ubwiri, piga salfa. Nikapiga. Nikapiga tena. Madoa yanaongezeka tu. Simu ninayo na bando ninalo, nikaandika "ugonjwa wa majani ya zabibu", nikaletewa matangazo ya dawa, video ya mtu wa Italia, na kijana mmoja anayesema tumia majivu na mkojo wa ng'ombe.

Nilikuwa mjini kwa shughuli za benki, jua la saa nane, nikaingia maktaba kukwepa jua. Sisemi uongo, ni jua tu. Yule dada wa mapokezi akaniuliza natafuta nini, nikaona aibu kusema kivuli, nikasema zabibu. Hakugusa kompyuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akavuta kitabu cha zamani jalada limefifia, ndani kina picha za majani. Upande mmoja ubwiri unga, upande mwingine ubwiri vinyoya. Ule wa unga unakaa kama vumbi la mahindi juu ya jani na kwenye vichane, wala hauhitaji mvua. Ule wa vinyoya unaanza na doa la njano kama mafuta yamedondokea juu ya jani, ukiligeuza chini unakuta manyoya meupe, na huo ndio unaopenda majani yakae na maji. Nilikuwa na jani mfukoni kwenye kikaratasi. Nikaligeuza pale pale mezani: manyoya.

Salfa ni ya ule wa kwanza. Huu wa pili unataka dawa yenye shaba. Nilikuwa nimekosea ugonjwa, wala si dawa. Mavuno ya kwanza yalishaharibika, lakini sisi zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, ya pili niliiokoa.

Kitabu kilikuwa na namba mgongoni, 634.8. Niliiandika kwenye mlango wa stoo mpaka leo ipo.

Msaka Ajira

Hapo kwenye meza nimekuelewa sana Baba Neema.

Mimi natokea Tabora. Nilikuja Dodoma kwa usaili wa serikali, nikafikia kwa binamu yangu Ipagala, chumba kimoja, yeye na mke na kichanga. Kusoma pale haiwezekani, unakaa unamsubiri mtoto alale ili na wewe uanze kusinzia. Nikaelekezwa maktaba. Nimekuta vijana kama mimi, ukiwaangalia unawajua tu: shati limenyooshwa, bahasha ya kaki, macho mekundu. Siku ya tatu tukaanza kusalimiana. Siku ya tano tuko sita, tunatoka nje chini ya mti tunaulizana maswali, anayekosea ananunua maji.

Nafasi zilikuwa nne na ukumbi ulijaa. Sikupata. Ila kati ya wale sita mmoja alipata, na ndiye anayenitumia matangazo mapya kabla sijayaona. Kikundi bado tunacho. Hicho huwezi kukipakua.

Dada wa Area D

Ngojeni kwanza, msiipambe sana.

Mimi nilikwenda kujiandikisha maktaba moja ya mkoa, si hapa, sitaitaja. Nikaambiwa niwe na mdhamini anayejulikana, barua, picha. Nilikuwa nafanya kazi za ndani, nimetoka kijijini, mdhamini nimtoe wapi? Bosi wangu ndiye angeweza kunidhamini, na bosi wangu hakutaka nijue kwamba kuna kitu kinaitwa muda wa mapumziko. Nikaambiwa basi kaa humu humu usome. Nikakaa. Nikaona kabati la vioo lina vitabu vipya vya Kiswahili, nikaomba kimoja, nikajibiwa hivyo vimefungiwa vitachafuka.

Vitabu vinawekwa kwenye kioo kama sahani za wageni! Sikurudi tena. Nimekuja kuisoma riwaya ile baada ya miaka minane, nimenunua kwa machinga.

Kwa hiyo mnaposema kule hakuna anayekuuliza unanunua nini, mimi niliulizwa wewe ni nani. Hilo nalo lisemwe.

Mkutubi Mstaafu

Dada wa Area D, pole. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini na hayo unayoyasema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Kuna siri moja ya kazi niwaambie: mkutubi anapopotelewa na kitabu anaandika maelezo, kitabu kikichakaa rafuni bila kuguswa hakuna anayemuuliza. Ukimwekea mtu utaratibu wa namna hiyo atafunga kabati. Udhamini ulikuwa na sababu yake, vitabu vilikuwa vikiondoka na watu waliohama bila anwani. Lakini sababu nzuri ikimfukuza msomaji mmoja kama wewe, hesabu haikutoka vizuri.

Sasa nirudi kwa bwana fundi.

Nimezaliwa Mpwapwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nchi hii wakati ule watu wazima karibu theluthi mbili hawajui kusoma. Mimi mtoto, nakumbuka mama yangu anakwenda darasani jioni na taa ya chemli, anarudi anaandika jina lake kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Ilipofika 1986 takwimu za serikali zikasema wasiojua kusoma wamebaki chini ya kumi kwa mia. Sasa mtu mzima akishajua kusoma, asipopata cha kusoma anasahau. Ndiyo maana vikawekwa vyumba vya maktaba vijijini. Cha kwetu kilikuwa chumba cha bati karibu na ofisi ya kijiji, benchi tatu na kabati. Aliyekitunza ni kijana aliyemaliza la saba. Vitabu vikasomwa vikaisha kurasa, vingine havikuja, uchumi wa miaka ya themanini mnaujua waliokuwepo. Siku moja chumba kikawa stoo ya mbegu. Hakuna aliyekifunga, kilijaa magunia tu taratibu.

Nasema hivi ili ujue mkeka wako haukuanza na wewe. Kabla ya uhuru East African Literature Bureau, iliyoanza 1948, ilikuwa inasambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa posta. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa 1963, Mwalimu akafungua Maktaba Kuu pale Dar tarehe 9 Desemba 1967, ikaja sheria nyingine 1975 ambayo pamoja na mambo mengine inamtaka mchapishaji apeleke nakala za anachochapisha. Yote hayo ni mazuri. Lakini mtoto wa Nkuhungu hapandi basi kwenda kuisoma sheria.

Ya kufanya, kwa uzoefu wangu:

Usiandike namba za maktaba kwa vitabu 31, utajichosha. Bwana wa Hombolo namba yake ni sahihi, 630 ni kilimo, 634 matunda, 634.8 zabibu, na ukitaka nyuki nenda 638. Ila namba ni za nyumba yenye vitabu elfu. Wewe bandika kitambaa: chekundu kwa anayeanza, kijani kwa anayesoma mwenyewe. Basi.

Waache waazime kwenda navyo nyumbani. Daftari, jina, tarehe. Vitapotea. Kitabu kilichopotelea kwenye nyumba isiyo na kitabu hakijapotea.

Vya theluji usivitupe, ila usivifanye ndiyo chakula. Nimepokea makontena kama hayo kazini, tulikuta humo mpaka vitabu vya simu vya mji wa ng'ambo. Mtoto anaanza na lugha anayootea ndoto.

Na nenda ukaonane na wakutubi wa mkoa. Usiende kuomba vitabu, hapo wataogopa. Nenda kuwaalika waje kusoma hadithi Jumamosi moja. Akishawaona hao watoto kwa macho yake, vitabu atavitafuta yeye.

Kiroboto wa Sabasaba

Mzee shikamoo. Umeandika vizuri lakini hujanijibu. Serikali ina zahanati zisizo na dawa, kuna barabara za mitaa mvua ikinyesha unavaa buti. Leo useme tujenge maktaba? Kwa nani? Vijana wanataka ajira. Na hiyo ya benchi na taa ya chemli ilikufa yenyewe, ina maana watu hawakuihitaji.

Mkutubi Mstaafu

Marahaba. Kisima kikikauka huwezi kusema watu hawakuwa na kiu.

Mwl wa Bahi

Niingilie kidogo kwa hesabu maana ndilo somo langu.

Sensa ya 2012 Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ni 765,179. Ndani ya miaka kumi tumekaribia kuongezeka mara mbili, wizara zimehamia Mtumba, vyuo vimejaa. Kila mwaka nasikia watu wanahesabu vitanda vya hoteli, maegesho, fremu za biashara. Sijamsikia mtu akihesabu viti vya kusomea. Mtu anaweza kuwa na vitabu mia nane kwenye simu kama Kiroboto na akawa hana mahali pa kukaa saa mbili mfululizo bila kelele. Wanafunzi wangu wanasomea juu ya ndoo.

Darasa langu vitabu vya kiada tunagawana, na hilo walau linazungumzwa. Lisilozungumzwa ni kitabu ambacho hakina mtihani. Mtoto akifika la saba hajawahi kusoma kitu ambacho hakuulizwa maswali mwishoni, unategemea akimaliza aendelee kusoma kwa lipi?

Halafu kwa faida ya wanaosema haiwezekani sehemu kavu kama kwetu: Kenya, upande wa Garissa, tangu 1996 shirika la maktaba lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja vitabu, mwingine hema. Sisi tuna punda kila kijiji, wanabeba madumu ya maji kutwa.

Msaka Ajira

Punda wa Bahi akibeba vitabu mwalimu atatuletea na mtihani juu yake 😄

Ihumwa Asilia

Naona hakuna aliyemtaja mtu wetu.

Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapa hapa, 1917. Mshairi, alifanya kazi za ukarani na uliwali, akafariki 1969. Ngonjera mnazozisikia shuleni kila sherehe, huyu ndiye aliyezipa nguvu. Na mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Leo Ihumwa ukiitaja watu wanajua bandari kavu na reli.

Nilianza kukitafuta kitabu hicho baba yangu alipofariki. Tulikuwa tunabishana na wajomba kuhusu mbari yetu ilitokea wapi, kila mmoja na lake, na mzee aliyejua ndiye tuliyemzika. Mtandaoni nilipata kwanza tafsiri ya Kiingereza, ya kununua kwa dola. Fikiria, Mgogo ananunua historia ya Wagogo kwa dola, kwa Kiingereza, wakati mwandishi aliiandika kwa Kiswahili akiwa mtu wa Ihumwa! Nakala ya Kiswahili niliisomea maktaba, hairuhusiwi kutoka. Nikakaa nayo siku mbili nanakili kwa mkono. Ile karatasi ya mihuri ya tarehe iliyobandikwa mwanzoni ilikuwa na mihuri minne tu, na kati ya wa tatu na wa nne kuna miaka kumi na moja. Nilikaa nikiangalia huo mwanya muda mrefu kuliko nilivyoangalia ukurasa wa kwanza.

Mbari tuliipata. Ubishi na wajomba haukuisha, ila sasa tunabishana tukiwa na karatasi.

Baba Neema, wape hao watoto ngonjera. Haihitaji vitabu 19, inahitaji karatasi mbili na pande mbili za mkeka. Mmoja ajifanye simu, mwingine kitabu. Kiroboto anaweza kuandika upande wa simu.

Dada wa Area D

Hiyo ya ngonjera nimeipenda. Nami niongeze kitu, maana nilikuja kwa hasira.

Hapo ninapokaa kuna wasichana wa kazi wengi. Jumapili mchana ndiyo wanapata saa mbili. Mtu asije akaniambia maktaba ni ya wanafunzi. Kama kuna siku mtafungua kitu cha watu wazima, hata kibaraza hicho hicho, hata gazeti la jana, mimi nitakuja kuwasomea. Sharti langu moja: hakuna mdhamini.

Baba Neema

Wakuu nilikuwa porini kufuata mbao, nimesoma yote kwa mkupuo.

Mzee, shikamoo. Vitambaa nimekata tayari, vyekundu vya sare ya zamani ya Neema na kijani cha kanga. Jumatatu naenda mjini kuwaalika hao wakutubi kama ulivyosema.

Dada wa Area D, Jumapili kibaraza kipo wazi, karakana nafunga. Mdhamini wako mimi.

Kiroboto, kuhusu kwamba watu hawahitaji. Nilikuwa sitaki kulisema maana si langu, lakini mwenyewe kaniruhusu. Yule mama wa vitumbua alikuja mwezi uliopita na karatasi. Walikuwa wamemzunguka akina mama wenzake kwenye mikopo ile ya kausha damu, ameshaitwa kusaini, ameambiwa marejesho ni madogo, kila siku kidogo kidogo. Kabla hajasaini akampa mwanawe, yule anayezungusha vitabu, yuko la nne. Mtoto akasoma kwa kidole, neno moja moja, akakwama kwenye "dhamana", akaruka, akarudi. Akafika pale palipoandikwa ukichelewa siku moja inaongezeka kiasi fulani juu ya kiasi kilichobaki, na vitu vya ndani vinachukuliwa. Akamuuliza mama yake, vitu vya ndani ni pamoja na kitanda?

Hakusaini. Aliniletea vitumbua kumi na mbili, nikamwambia mimi sijafanya chochote, mpe mwanao.

Sijui kama hiyo ni faida ya maktaba au ya shule au ya mkeka. Shemeji nilimsimulia, akasema mtoto ana akili tu. Sawa.

Na la mwenye nyumba sikuliandika mwanzo. Anataka kugawa kibaraza atoe fremu mbili. Nimemwomba mpaka mwisho wa mwaka. Akikataa nitahamia chini ya mwarobaini wa upande wa pili, shida ni jua, kuanzia saa tano kivuli kinahama na watoto wanahama nacho, kufika saa sita tuko barabarani.

Mwl wa Bahi

"Kitanda" pia ni vitu vya ndani, ndiyo. Huyo mtoto akifika kidato cha kwanza nitafutie.

Benchi una mpango gani? Mkeka kwa mtoto wa la nne kuandika ni mateso ya mgongo.

Baba Neema

Vipande vya mbao ninavyo, nachonga benchi fupi nne kwa mabaki. Zisizo na egemeo, zinazobebeka na watoto wawili. Shida ni kivuli tu.

Kiroboto wa Sabasaba

Mimi msimamo wangu ni ule ule, maktaba ni mambo ya kizamani.

Ila nina turubai la kibanda changu cha mpira, futi 12 kwa 15, nimeshanunua jingine. Limetoboka kwenye pembe moja na lina maandishi ya timu ambayo sitaitaja ili nisiharibu uzi. Unalitaka au hulitaki?

Baba Neema

Lete. Pembe iliyotoboka tutaielekeza upande wa karakana. Kamba unayo au ninunue?

Kiroboto wa Sabasaba

Kamba ninayo. Jumamosi saa tatu, kabla hawajaja, sitaki kuonekana.

Msaka Ajira

Saa tatu na nusu wanakuwa wameshafika hao. Watakuonesha kitabu cha sembe.